Zaka si sadaka

Katika wadi ya Junda, Kisauni, neno zaka husikika msikitini na kanisani, ila hesabu yake hutofautiana. Mwislamu ambaye mali yake imefikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na kutimiza mwaka hutoa asilimia 2.5. Mkristo hutoa asilimia 10 ya mapato, ndiyo maana wengi huiita fungu la kumi.

Maneno zaka na sadaka yote mawili yana asili ya Kiarabu, na Biblia ya Union ya 1952 iliyapokea. Kiarabu kina pia ushr, yaani sehemu ya kumi. Waswahili walilipeleka forodhani, likawa ushuru.

Zaka ina kiwango. Sadaka haina, kipimo chake ni moyo wa mtoaji. Siku hizi, matoleo yakitumwa kwa M-Pesa, mhazini wa kanisa hutegemea neno aliloandika mtumaji ili kujua kama ni zaka au sadaka.

Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati 14 linaagiza fungu la kumi la kila mwaka wa tatu liwalishe Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Wahazini wa makanisa ya Kisauni, mnapopanga bajeti, msiwasahau wanne hao.