Katuni za Kale katika Nchi ya Majani Chai: Kericho na Bomet

Waandikao historia ya fasihi ya Kiswahili katika Kenya huanza pwani, kwa tenzi na mashairi, kisha hupanda bara pamoja na misheni, shule na redio. Katika safari hiyo katuni ya gazetini haitajwi kabisa, au hutajwa kwa neno moja la dharau. Hata hivyo, bara ya Kenya ilikuwa na watu wengi waliokipata Kiswahili kazini na sokoni wala si kwa walezi wao, na kwa watu hao huenda hadithi ya kwanza kuisoma kwa hiari, pasipo mwalimu wala mtihani, ilikuwa safu fupi ya picha tatu au nne zilizopangwa chini ya ukurasa. Mahali pafaapo pa kulitazama jambo hili ni nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet.

Kilimo kikubwa cha chai kilianza Kericho katika miaka ya 1920, makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipotwaa ardhi kubwa katika nchi ya Wakipsigis. Wachumaji walitoka pande nyingi: Wajaluo, Wakisii, Waluhya, na baadaye Wakipsigis wenyewe kwa wingi zaidi. Walikaa katika laini, yaani safu za nyumba zilizojengwa na kampuni, mlango kwa mlango na majirani wasiojua lugha yao ya nyumbani. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kilikuwa Kiswahili cha nyapara na karani, cha kipimo na mshahara, kikavu kidogo. Ucheshi ulihitaji chombo kingine, na chombo kimojawapo kilikuwa gazeti. Kama ilivyokuwa kila mahali katika Afrika Mashariki, nakala moja ilipita mikono mingi, na aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Katuni ndiyo sehemu pekee ya gazeti ambayo msikilizaji aliweza kumsahihisha msomaji, kwa kuwa wote wawili walikuwa wakiitazama.

Yafaa kukumbuka kwamba wakubwa wa zama zile hawakuamini kuwa jambo hilo lawezekana. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la sinema za mafunzo, lenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ambalo lori lake lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini likionyesha filamu. Mwongozaji wake, Meja L. A. Notcutt, alikuwa amewahi kabla ya hapo kuwaonyesha wafanyakazi wa mashamba filamu, akitaka kuona kama burudani ingewafanya waridhike na kazi. Kisha, mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu za Makoloni chini ya William Sellers, na mafundisho yake yakaenea: Mwafrika asiyesoma haelewi picha inayokwenda mbio, wala mchoro usiofanana kabisa na kitu chenyewe. Ikasimuliwa tena na tena habari ya watazamaji walioonyeshwa mbu mkubwa aliyejaa kitambaa kizima, nao wakajibu kwamba kwao hakuna mbu wakubwa namna ile, basi hawana la kuogopa. Kisa hiki kilihamishwa kutoka nchi hata nchi kama ngano, jambo ambalo lingetosha kumtilia shaka kila mwenye busara. Haikumpitikia msimulizi kwamba huenda mtazamaji alikuwa akifanya mzaha.

Suala hilo liliendelea kuwashughulisha wataalamu hata mwaka wa Uhuru wenyewe. Mwaka 1963 Alan Holmes alichapisha utafiti wake juu ya namna watu wa Kenya wanavyoelewa alama za picha. Lakini wakati huo jibu lilikuwa limekwisha kutolewa kila wiki kwa senti chache. Gazeti la Baraza lilikuwapo tangu 1939. Mnamo 1951 gazeti la Tazama lilichapisha katuni ya Mrefu, kazi ya W. S. Agutu, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa katuni ya kwanza ya mfululizo katika Kenya. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 alitokea Edward Gicheri Gitau na Juha Kalulu wake, ambaye mwishowe alipata makao ya kudumu katika Taifa Leo, gazeti lililoanza kutoka kila siku mwaka 1960. Juha huyo aliishi kwa zaidi ya nusu karne. Ni machache mno katika maandishi ya Kiswahili ya Kenya yaliyopata wasomaji kwa muda mrefu kiasi hicho, na kitabu cha shule hakimo, kwa kuwa msomaji wa kitabu cha shule hushurutishwa.

Jina lenyewe lastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha. Juha ni Mwarabu wa asili, mjinga wa visa vingi vinavyosimuliwa kutoka Misri hadi Omani, ambaye ujinga wake mara nyingi huwaumbua werevu. Katika Kiswahili jina lake limegeuka kuwa neno la kawaida, nalo limepoteza nusu ya maana, kwani juha wetu ni mjinga tu, na werevu ule umehamia kwa Abunuwasi. Kalulu, kwa upande mwingine, katika Kinyanja na lugha za jirani ni sungura, mjanja wa ngano. Basi jina la Juha Kalulu, iwe mchoraji alikusudia hivyo au hakukusudia, lamrudishia Juha ile nusu yake iliyopotea. Mkipsigis hakuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Katika ngano alizosimuliwa na kogo, yaani bibi yake, alikuwamo kiplengwet, sungura mdogo awashindaye wakubwa. Na alikuwamo chemosit, zimwi la mguu mmoja ambalo kinywa chake chekundu hung'aa gizani kama taa, na ambalo lilitosha kumzuia mtoto asitoke nje usiku. Mwenye kukua na chemosit hawezi kushangazwa na mchoro wa mtu mwenye pua kubwa kuliko kichwa.

Gazeti likiisha kusomwa halikutupwa. Lilifungiwa sukari dukani, au nyama, au lilibandikwa kwa uji wa unga kwenye kuta za ndani za nyumba ili kuzuia vumbi na upepo. Na katika nyanda zile za juu, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, upepo si jambo la kupuuzwa. Hivyo ndivyo katuni za kale zilivyowafikia watoto. Zilikuwa ukutani miaka mitano au kumi baada ya tarehe yake, nyingine zikiwa kichwa chini, nyingine zimekatwa katikati ya kisa na tangazo la sabuni, zote zimegeuka rangi kwa moshi. Mtoto alisoma mwanzo wa kisa karibu na mlango, akautafuta mwisho wake nyuma ya kitanda, asiupate, akamwuliza mkubwa. Mkubwa naye, akiwa hakumbuki, aliutunga. Mtafiti wa fasihi simulizi angefanya vyema kuzihesabu kuta hizo miongoni mwa maktaba za nchi.

Miaka ya 1970 na 1980 ilileta namna nyingine. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, lililodumu hadi 1979. Lilikuwa la Kiingereza na la mjini, na habari zake katika nchi ya chai ni fupi. Vitabu vya Pichadithi, alivyoshiriki Hirst katika miaka ya 1980, vina uzito zaidi kwa mada hii. Jina lao limeundwa kwa maneno mawili ya Kiswahili, picha na hadithi, ingawa maandishi yao yalikuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo aliyetaka kuwashirikisha wadogo au wazee hakuwa na budi kuwatafsiria papo hapo, kidole kikiwa juu ya picha.

Kimojawapo kilikuwa Lwanda Magere. Mjaluo huyu shujaa alikuwa na mwili wa jiwe, na mikuki ya Lang'o, yaani Wanandi na Wakipsigis, ilimdunda ikaanguka. Wakampa msichana wao amwoe. Siku moja aliugua, akamwambia mke huyo achanje kivuli chake badala ya mwili ili kutia dawa. Kivuli kikatoka damu. Usiku mke akatoroka kwenda kwao na siri ile, na vita vilipoanza tena kivuli kikachomwa mkuki. Shujaa akafa, akawa jiwe, nalo laonyeshwa hadi leo katika nchi ya Kano, upande wa mto Nyando, mwendo si mrefu kutoka Kericho.

Hapa kutafsiri si jambo jepesi. Katika laini moja ya chai, mtoto wa Mjaluo humsikia Delila akimwuza Samsoni; mtoto wa Mkipsigis aweza kumsikia Yaeli, aliyewaokoa Waisraeli kwa mkono wa mwanamke. Picha ni zile zile. Tena majirani hao hawakuwa wa hadithini tu. Katika machafuko ya mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walifukuzwa makwao katika pande hizi, na wafanyakazi wa Kijaluo na Kikisii waliyakimbia mashamba ya chai ya Kericho. Mzee anayefungua kitabu kile mbele ya wajukuu hulazimika kuchagua atakalosema afikiapo picha ya mke akikimbia usiku. Wako watakaoona ni afadhali kitabu kifichwe. Hukumu hiyo haielekei kuwa ya haki. Kisa kitasimuliwa vyovyote vile, na msimulizi asiye na picha huwa huru kuzidisha ubaya wa upande wa pili. Penye picha, mke yule yuko mbele ya macho ya wote, amechorwa kama binadamu, ana hofu usoni.

Juha Kalulu hakuwa na taabu hiyo. Alichekwa na laini nzima.

Frank Odoi, Mghana aliyefanya kazi yake Nairobi, alifariki 2012, Hirst 2015, Gitau 2016. Magazeti waliyoyachorea yamo katika Hifadhi ya Taifa na Maktaba ya McMillan, mbali na Kericho. Nyumba nyingi sasa zina kuta za matofali na lipu, wala hazihitaji karatasi. Na mashine za kuchumia chai zimepunguza watu wa laini. Kilichobaki mikononi ni kurasa chache zilizokatwa, au picha yake katika simu ya mjukuu. Mjukuu huyo husoma Kiswahili upesi kuliko babu yake, na maneno ya ukurasa humwishia mara moja. Kisha huuliza kwa nini mtu anakimbizwa kwa ajili ya kipande, na kipande ni nini.