Nani alimufundisha profesa kufundisha?

Leo sitaongea mbegu wala mbolea. Tuongee historia ya kazi yenye wengi kati yetu wanaitafuta: kufundisha ku universite.

Mwaka jana nilipata nafasi ya asistanti. Siku ya kwanza nilipewa somo juu ya magonjwa ya muhogo. Nikafungua daftari langu la zamani, nikasoma, wanafunzi wakaandika. Saa mbili nzima. Mwishoni binti mumoja wa mbele akauliza: «Asistanti, iyo mozaiki yenyewe inafananaka namna gani?» Nyuma tu ya ukumbi kulikuwa shamba ya muhogo, majani yamejikunja na kupiga rangi ya manjano. Sikuwapeleka. Nilifundisha vile nilifundishwa, na ile namna njo nilikuwa naililia miaka yote nikiwa mwanafunzi.

Usiku nikajiuliza: tumeitoa wapi?

Turudi nyuma. Lovanium ilianza 1954 karibu na Léopoldville, ikiwa mutoto wa Universite ya Kikatoliki ya Louvain. Hata jina lilitoka kule. Universite ya serikali ya Élisabethville ikafungua 1956. Ile ya Stanleyville, ya Waprotestanti, ikaja 1963. Maprofesa wa kwanza walitoka zaidi Ulaya, na mutindo wao ukaja pamoja nao: mwalimu anasoma, mwanafunzi anaandika, halafu egzame.

Kisha uhuru, 1960. Walimu wengi wa Ulaya wakaondoka, sekondari zikabaki matupu. Juu ya hiyo, mwaka 1961 ilifunguliwa IPN, chuo cha taifa cha kutengeneza walimu, kwa musaada wa UNESCO. Pale mutu alisoma somo lake na pia namna ya kulifundisha, akapitia staji mbele ya darasa la kweli. Universite nazo zikawa na agregasyo kwa mwenye lisansi anayetaka kufundisha sekondari.

Angalieni sasa. Kusimama mbele ya watoto 40 wa sekondari, inchi ilikuomba ujifunze kufundisha. Kusimama mbele ya vijana 300 wa universite, diploma nzuri ilitosha. Asistanti anakuwa shefu wa travo, kisha profesa, na kinachomupandisha zaidi ni tezi na maandiko yake ya utafiti. Darasa lenyewe, nani analipima?

Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha universite zote kuwa moja, UNAZA. Sayansi ya elimu ikapelekwa Kisangani. Katika miaka ile ile ya 1970 kilimo nacho kikapelekwa Yangambi, pale Wabelgiji walikuwa na kituo kikubwa cha utafiti, INEAC, tangu 1933. Kati ya Kisangani na Yangambi ni karibu kilometa 100. Kwangu hiyo ni picha ya ugonjwa wetu: wenye kusomea kufundisha walikuwa hapa, wenye kufundisha kilimo walikuwa kule, na safari ya mto kati yao. UNAZA ilivunjwa 1981, lakini ile safari bado haijaisha.

Leo tuko na LMD. Sheria ya 2014 iliileta, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 ilienea inchi nzima. Kredi inahesabu pia saa zenye mwanafunzi anafanya kazi yeye mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu anaombwa abadilike. Lakini ukimubadilishia mutu programu bila kumufundisha kazi mupya, atabandika jina mupya ku silabusi ya zamani.

Nafasi za kujifunza ziko. AUF, iliyozaliwa Montréal 1961, inatoa mafunzo kwa walimu wa universite, mengine ku intaneti. RUFORUM, yenye ofisi yake Makerere kule Kampala, tangu 2004 inakutanisha universite za kilimo za Afrika. Tuziombe, tusingoje mutu atuite. Na kuna ingine ya karibu zaidi: kumualika mwenzako akae nyuma ya darasa lako, halafu akuambie ukweli.

Sisi wa kilimo tuko hata na deni kubwa zaidi. Ku masomo ya vulgarizasyo tulijifunza kwamba mulimaji haumusomei daftari; unamupeleka ku shamba ya mufano, anaona, anashika, anauliza. Tulijua ile kwa mulimaji, tukaisahau kwa mwanafunzi.

Juma lililofuata niliwapeleka ku ile shamba. Nikamwambia kila mumoja aniletee jani gonjwa na jani zima. Yule binti akarudi na majani mawili, akaniuliza swali lingine, na hilo sikuwa na jibu lake. Tukalitafuta pamoja. Saa mbili zikaisha, hakuna aliyeuliza kama anaweza kutoka.