Mtumwa Aliyelijua Pango

Jamaa nyingi za Marekani, zinaposafiri wakati wa kiangazi, hufika Mammoth Cave huko Kentucky, pango ambalo njia zake zilizopimwa zapita kilomita 600, nalo likafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1941. Lakini fadhila ya kwanza ya kulijua pango hilo, kwa insafu, ni ya Stephen Bishop, mtumwa aliyepelekwa huko mwaka 1838 kuwaongoza wageni, ambaye alithubutu kuvuka shimo lililodhaniwa halina mwisho, na mwaka 1842 akaichora ramani ya pango kwa hifadhi ya moyo wake, ikapigwa chapa kwa jina lake, heshima adimu mno kwa mja wa zama zile. Uhuru wenyewe aliupata mwaka 1856. Mwaka uliofuata akafariki, umri wake haujatimia miaka 40.