Bima Iliyotokana na Deni la Hospitali

Hapa Soweto West tunajua: mtoto mmoja akilazwa, mtaji wa mboga huisha, kodi hukosekana, na wenzake hulala njaa.

Mwaka 1999 shirika la Jamii Bora lilianza hapa Nairobi na wanawake 50 waliokuwa ombaomba. Mwanzilishi, Ingrid Munro, aliwahimiza waweke akiba, kisha wakopeshwe. Wanachama walipoongezeka, baadhi walishindwa kulipa mikopo. Ilipochunguzwa, wengi wao walikuwa na mgonjwa hospitalini. Ndipo mwaka 2001 wakaanzisha bima yao wenyewe, ya kulipia kidogo kidogo.

Hawakuishia hapo. Mtoto akitibiwa kuhara, kisha arudi kwenye maji machafu, ataugua tena. Kwa hivyo Jamii Bora ilijenga mji wa Kaputiei, Kajiado, wanachama wapate nyumba zenye maji na choo, wakilipa polepole.

Upande wa serikali, NHIF ilianza mwaka 1966, ikiwahudumia kwanza walioajiriwa. Juni 2013 kujifungua kukawa bila malipo katika hospitali za umma. Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF.

Mama, jisajili na SHA kwa *147# pamoja na watoto kabla hawajaugua. Na ukifika kliniki, usitaje homa pekee. Mwambie muuguzi pia kama nyumbani hakuna chakula au maji safi. Mara nyingi ugonjwa huanzia hapo.