Historia ya Kivumishi "Glad" na Visawe Vyake vya Kiswahili

Mwanafunzi wa Kalemie huanza kujifunza Kiingereza akiwa tayari na lugha mbili: Kiswahili, kilichovuka Ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, na Kifaransa cha shuleni. Akikuta kivumishi "glad", hukifasiri kwanza kwa "content" cha Kifaransa, kisha hutafuta kivumishi cha Kiswahili kinacholingana nacho. Asipokiona, hudhani kwamba lugha yake ina upungufu.

Historia ya neno lenyewe yaondoa dhana hiyo. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1066, neno hilo lilihusu pia mng'ao, hata dhahabu ikasifiwa kwalo. Ndugu yake wa Kijerumani, "glatt", maana yake ni laini. Baadaye maana ya furaha ndiyo iliyotawala, na matumizi yakabanwa: Mwingereza husema kwamba mtu ni "glad" kwa sababu ya jambo fulani, lakini ni nadra kuliweka neno hilo mbele ya nomino. "Glad tidings", yaani habari njema, ni mabaki ya matumizi ya zamani.

Kiswahili kilifuata njia nyingine. Kutokana na Kiarabu kilipata nomino furaha na kitenzi kufurahi. Kwa hiyo Mwingereza atumiapo kivumishi, Mswahili husema "nimefurahi", na kiambishi -me- huonyesha hali iliyoletwa na tukio lililokwisha kutokea. Tena mtu husikia furaha, kama asikiavyo njaa au baridi. Ikihitajika sifa, husemwa "mwenye furaha". Kivumishi cha asili ya Kibantu nacho kipo: -kunjufu, kutokana na kukunjua. Mwenye hasira hukunja uso. Mchangamfu ana uso mkunjufu. Lakini ukunjufu ni tabia ya mtu, ilhali "glad" hueleza jinsi alivyopokea jambo.

Hivyo mwalimu adaiye kivumishi kwa kivumishi humwelekeza mwanafunzi kwenye "mimi ni furaha", na humnyima alama yule aliyeandika "nimefurahi". Huyo wa pili ndiye aliyefasiri sawasawa, kwa kuwa maana ya kivumishi cha Kiingereza ameiona mahali pake katika Kiswahili, yaani ndani ya kitenzi.