Jumuiya ya Afrika Mashariki: Kutoka Nchi Tatu hadi Nane

Juni 1963, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitangaza jijini Nairobi kwamba wangeunda shirikisho la Afrika Mashariki kabla ya mwaka kwisha. Halikuundwa. Jumuiya iliyoanzishwa 1967 nayo ilivunjika 1977, na ilipofufuliwa kwa Mkataba wa 30 Novemba 1999, nchi zilizotia saini zilikuwa zile zile tatu: Kenya, Uganda na Tanzania.

Mkataba huo uliweka shirikisho la kisiasa mwisho wa safari, baada ya umoja wa forodha, soko la pamoja na sarafu moja. Ibara ya 3 ilitaja sifa za mwanachama mpya: ujirani, uchumi wa soko, utawala bora, demokrasia na haki za binadamu.

Sharti la ujirani lilipimika kwa ramani. Sudan ilikwama hapo 2011, kwa kuwa haikupakana na mwanachama yeyote. Demokrasia ilikuwa vigumu zaidi kuipima, kwani waombaji wengi walikuwa wamepitia vita. Rwanda, iliyopata katiba mpya 2003, iliingia 1 Julai 2007 pamoja na Burundi, iliyopiga kura 2005 kufuatia Mapatano ya amani ya Arusha. Sudan Kusini ilipokelewa 2016 bila kufanya uchaguzi mkuu hata mmoja tangu uhuru wa 2011. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini Mkataba jijini Nairobi Aprili 2022, miaka mitatu baada ya Joseph Kabila kumkabidhi Félix Tshisekedi madaraka. Somalia ilikamilisha uanachama Machi 2024, rais wake akiwa amechaguliwa na wabunge, si kwa kura ya wananchi wote.

Manufaa ya uanachama hayakuwafikia wote kwa kipimo kimoja. Tangu 2014, mkazi wa mtaa wa Tassia, Nairobi, huweza kwenda Kampala au Kigali kwa kitambulisho cha taifa, kwa makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda pekee.

Mwaka 2017 wakuu wa nchi waliridhia kuanza na muungano legevu, ambamo kila nchi hubaki na mamlaka yake, kama hatua ya kuelekea shirikisho. Maamuzi yao hupitishwa kwa maafikiano ya wote. Hivyo, jambo ambalo 1963 lilihitaji kauli ya viongozi watatu sasa linahitaji ridhaa ya wanane.