Gurudumu lililogandishwa na kutu: namna ya kulitoa bila kuhatarisha maisha

NATI zote nne zimekwisha kufunguliwa na kupangwa juu ya kifuniko cha rimu. Jeki imeinua gari, gurudumu la akiba linasubiri kando, lakini gurudumu lenye pancha halitoki. Dereva analivuta, analitikisa, analipiga teke, nalo limetulia pale pale kana kwamba limechomelewa.

Hali hii huwakuta mara nyingi wenye magari ya zamani, hasa katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, Unguja na Mombasa. Dereva wengi hudhani kuwa kuna nati waliyoisahau. Baadhi, kwa hasira au kwa haraka ya giza linaloingia, huingia uvunguni mwa gari na kuanza kuligonga gurudumu kutoka ndani. Hapo ndipo maisha yanapokuwa hatarini, kwa sababu jeki ndogo inayokuja na gari haikuundwa kuhimili misukosuko ya namna hiyo.

Kinachoshika si nati. Katikati ya rimu kuna tundu la mviringo linalokaa juu ya kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu. Nafasi kati ya viwili hivyo ni ndogo mno, kwani kitovu ndicho kinacholiweka gurudumu katikati sawasawa. Maji yakipenya hapo, chuma hushika kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo hujaza upenyo wote, ikabana na kushikilia.

Rimu za aluminiamu, zile zinazopendwa kwa kung'aa, ndizo zenye usumbufu zaidi. Aluminiamu ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo, na aluminiamu ndiyo huliwa. Matokeo yake ni unga mweupe mgumu unaoziba tundu la kati. Hewa ya bahari hubeba chumvi hiyo hadi kwenye gari lililoegeshwa mbali na ufuko.

Walioko bara nao hawajasalimika. Magari mengi yaliyotumika huingizwa kutoka Japani na mengine Uingereza, nchi ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Gari la namna hiyo laweza kufika Mbeya au Nairobi likiwa tayari limebeba kutu ya miaka kadhaa, ingawa rangi yake ya nje inavutia.

Kabla ya kuanza, yafaa kuhakikisha kuwa tatizo ni gurudumu lenyewe na si breki. Gari lililokaa muda mrefu na breki ya mkono imevutwa laweza kuwa na breki za nyuma zilizong'ang'ania. Tofauti yake ni rahisi: gurudumu lililoshikwa na breki halizunguki hata breki ya mkono ikiachiwa, lakini lililoshikwa na kutu huzunguka vizuri likiwa limeinuliwa, ila halichomoki.

Maandalizi ya mahali

Gari linapaswa kuwa juu ya ardhi ngumu na tambarare. Breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe, na magurudumu ya upande wa pili yazuiwe kwa mawe au kabari za mbao, mbele na nyuma. Ikiwa ni barabarani, abiria washuke na kukaa mbali na lami. Vibao vya pembetatu vinavyoakisi mwanga viwekwe umbali wa mita 50 au zaidi nyuma ya gari. Matawi ya miti yaliyozoeleka katika barabara za Afrika Mashariki hayaakisi mwanga usiku, na mara nyingi huachwa pale pale baada ya gari kuondoka yakawa hatari nyingine.

Nati hulegezwa gari likiwa bado chini, kwa kuzungushwa kinyume cha mwendo wa saa. Baadhi ya malori ya zamani ya Kijapani yana nati za upande wa kushoto zinazofunguka kwa mwelekeo tofauti, na bolti zake huwa na herufi L. Kwa magari madogo ya kawaida hilo si la kuhofia.

Nati iliyokataa hupuliziwa mafuta ya kupenya kutu, yanayouzwa kwenye makopo katika maduka ya spea, kisha huachwa kwa dakika 15 au zaidi. Dizeli nayo husaidia, ingawa polepole. Mafuta ya breki yasitumike, kwani hubabua rangi. Soda aina ya kola, inayosifiwa sana vijiweni, ina asidi hafifu inayohitaji saa nyingi. Kwa mtu aliyekwama njiani, ni afadhali ainywe.

Bomba la chuma likivishwa kwenye mpini wa spana ya magurudumu na kuurefusha kutoka sentimita 25 hadi 75, nguvu ileile ya mkono huzaa mara tatu. Spana iingie yote kwenye nati na isukumwe kwa mkandamizo wa taratibu. Kurukaruka juu ya spana huvunja bolti au huzungusha nati pembe zake zikaisha, na hapo kazi ya nusu saa huwa ya siku nzima.

Kulibandua gurudumu

Nati zikishalegea, kanuni ya kwanza ni kutoziondoa zote. Gurudumu lililoganda hujiachia ghafla, na bila kizuizi laweza kumwangukia anayelivuta. Kila nati ibaki imeshika meno kadhaa ya bolti, ikiwa imerudishwa nyuma kiasi cha mzunguko mmoja hivi. Nafasi hiyo ndogo yatosha gurudumu kubanduka bila kuanguka.

Njia iliyo salama zaidi ni kuuacha uzito wa gari lenyewe ufanye kazi. Gari hubaki chini, au hushushwa kama lilikuwa limeinuliwa, na usukani huzungushwa kushoto na kulia ikiwa gurudumu ni la mbele. Likikataa, kabari huondolewa, gari husogezwa mbele mita moja kwa gia ya kwanza, hupigwa breki, kisha hurudishwa nyuma kiasi hicho hicho. Mara kwa mara husikika mlio mkavu, na huo ndio mlio wa kutu kuachia. Umbali usizidi mita mbili, na mwendo uwe wa kutambaa, kwa kuwa nati zilizolegea huweza kuharibu meno ya bolti na matundu ya rimu. Njia hii haifai kabisa mtelemkoni wala mahali penye magari yanayopita.

Ikishindikana, kabari hurudishwa na gari huinuliwa tena. Mafuta ya kupenya hupuliziwa pale tundu la rimu linapokutana na kitovu, baada ya kutoa kifuniko kidogo cha katikati. Yapuliziwe kwa uangalifu, kwani tone likiangukia diski au pedi za breki hupunguza uwezo wa gari kusimama.

Gurudumu la akiba lilazwe chini ya ubavu wa gari, karibu na jeki. Jeki ikiteleza, gari litaangukia gurudumu hilo badala ya mtu. Penye stendi za chuma, hizo ndizo zitumike.

Baada ya hapo dereva huketi chini akilitazama gurudumu, mwili wote ukiwa nje ya gari, na kulipiga kwa kisigino kwenye mpira wa tairi: mara moja juu, mara moja chini, kisha kulizungusha robo na kurudia. Lengo ni kulitikisa lipinde kidogo kila upande, wala si kulisukuma ndani. Nyundo ya mpira, au kipande kinene cha mbao kinachogongwa kwa nyundo ya kawaida, hufanya kazi hiyo hiyo. Nyundo ya chuma isiguse rimu ya aluminiamu, kwani hupasuka, na ufa wake huweza kujificha hadi siku gari litakapokuwa katika mwendo kasi.

Kuligonga kutoka upande wa ndani ndiko kwenye nguvu zaidi, lakini kazi hiyo ni ya gereji, gari likiwa juu ya stendi imara au lifti. Hakuna kiungo cha mwili kinachopaswa kuwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Kuna gereji za kando ya barabara zinazotumia moto wa gesi kupasha rimu. Mwenye gari akatae. Mpira ukipata joto kali hutoa gesi ndani ya tairi, na tairi laweza kupasuka kama bomu, hata dakika kadhaa baada ya moto kuondolewa. Aidha, moto huo huharibu grisi ya beringi na kudhoofisha aluminiamu.

Kulirudisha

Gurudumu likitoka, kitovu na sehemu ya ndani ya rimu husuguliwa kwa brashi ya waya hadi kutu iliyosimama iishe. Grisi kidogo sana hupakwa kwenye ukingo wa kitovu tu, mahali tundu la rimu linapokaa. Bolti na sehemu ambazo nati hukalia ziachwe kavu. Bolti yenye grisi huvutika kupita kiasi hata kama nati imekazwa kwa nguvu ya kawaida, na mwishowe hukatika.

Nati hufungwa kwanza kwa mkono, kisha hukazwa kwa kuvuka kutoka moja hadi iliyo mkabala nayo. Toyota Corolla nyingi huhitaji nyutoni mita 103, yaani sawa na kilo 42 hivi zikining'inia kwenye ncha ya spana ya sentimita 25. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa uzito wake wote juu ya spana hiyo hupita kipimo kwa zaidi ya nusu. Mashine za upepo za mafundi wa pancha zaweza kupita zaidi ya hapo, na nyingi ya nati zinazowashinda madereva njiani zilikazwa na mashine hizo.

Nati hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa kuwa rimu iliyosafishwa hukaa upya. Kwa gari la pwani, magurudumu yote manne yafaa kutolewa na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na kulijaza upepo gurudumu la akiba na kuijaribu spana iliyomo kwenye buti. Spana nyingi za magari yaliyonunuliwa mkononi hazilingani na nati zilizopo, na mwenye gari hulijua hilo usiku, Chalinze, mvua ikinyesha.